Kamba Iliyolala Msibani

Nyumbani kwetu chai husubiri kamba.

Mume wangu ni mkata miti. Akisikia nimesema hivyo atanuna, maana mwenyewe hujiita mtunza miti, na ni kweli mara nyingi haangushi kitu. Anapanda, anapunguza matawi yaliyolalia bati la watu, anatoa yaliyokauka, anashuka, na mti anauacha umesimama. Lakini hapa Mkuyuni ukiuliza nyumba yetu utaelekezwa, "Kwa mkata miti, pale juu ya jiwe." Basi nami nasema hivyo hivyo, anune tu.

Siku ya kazi, kabla ya chai, anatandika turubai dogo sebuleni na kuitoa kamba yake ya kupandia kwenye mfuko. Mimi nakaa upande wa mlango, yeye upande wa dirisha. Kamba inatoka mfukoni, inapita mkononi mwangu, inakwenda mkononi mwake, inajikusanya miguuni pake. Haivutwi haraka. Kila kipande nakikunja kidogo nione kama kinakunjika kwa mviringo mzuri au kinavunjika kama bua, nakiminya, nakigeuza, nakinusa, ndipo nakiachia kiende kwake, naye anarudia yale yale. Mwanzoni mwa ndoa nilimuuliza kwa nini lazima tuwe wawili, nikidhani ni ujanja wa kunikalisha karibu. Akasema mkono wa mtu mmoja huzoea kamba yake, na mkono uliozoea haukawii kudanganya. Lakini hilo la kunikalisha karibu hakulikana.

Kamba yenyewe si kama hizi za kufungia mizigo stendi. Ina ngozi nje, imesukwa vizuri kama mkeka, na ndani ina utumbo, nyuzi nyeupe zilizolala pamoja, na huo utumbo ndio unaobeba mtu. Ngozi inaweza kuonekana nzima na ndani kumekufa, ndiyo maana macho peke yake hayatoshi. Tunatafuta palipolegea, palipokakamaa, palipovimba, nyuzi zilizoguswa na msumeno, na mahali panapong'aa kama nguo iliyounguzwa na pasi, kwa sababu hapo kamba imesuguana ikapata moto. Mimi ni fundi cherehani, vidole vyangu vinajua uzi tangu nikiwa msichana. Hata hivyo kwa kamba ile huwa vinasikia zaidi. Hicho unachokipapasa ndicho baada ya saa moja kitamning'iniza baba wa watoto wako juu ya mapaa ya watu.

Kamba ina heshima zake. Haikanyagwi, wanangu walijifunza kuizunguka wakiwa bado wanatambaa. Haianikwi juani. Haikai karibu na petroli ya msumeno wala mafuta ya taa. Haiazimwi. Na kubwa kuliko yote, ikitoka nje ya macho yake ikalala huko, imekwisha. "Kamba iliyolala nje haipandwi," ndivyo alivyofundishwa na aliyemfundisha kazi. Hujui imevuta nini, imelala juu ya nini, na kamba haina mdomo wa kukusimulia.

Msidhani basi kila asubuhi ni mapenzi matupu. Tunagombana, tena mimi nina mdomo, nakubali. Kuna wakati tulinuniana kwa ajili ya godoro. Ndiyo, godoro, tusiingie huko. Chakula naweka mezani bila neno, yeye anakula bila neno, watoto wanatutazama kama wageni. Lakini asubuhi turubai lilitandikwa, nikakaa upande wangu, na kamba ikapita katikati yetu kimya. Asubuhi moja vidole vyake vikasimama. "Hapa," akasema. "Wapi?" nikasema. Akainama, nikainama, vichwa vikagongana ko! Palikuwa na utomvu mkavu wa mti, basi. Tulicheka mpaka machozi. Ugomvi ukafia pale pale, ingawa kwa godoro nilishinda mimi.

Mama mkwe wangu alikuja kuishi nasi baada ya baba mkwe kufariki. Alitoka kijijini, mbele ya Sengerema, enzi hizo bado tunavuka kwa kivuko, akashuka na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na jembe. Jembe! Nikamwuliza, "Mama, jembe la nini na hapa kwetu ni mawe matupu?" Akasema mtu hatoki kwake mikono mitupu. Likawekwa nyuma ya mlango, na lipo mpaka leo.

Maisha yake yote alilima pamba. Mjini akakosa pa kushika. Nikiosha vyombo ananinyang'anya sufuria. Nikiamka kufagia nakuta uwanja umeshafagiwa, mpaka juu ya jiwe, jiwe linang'aa. "Nakula nisicholima," alikuwa akisema, na mimi namjibu, "Kula mama, umeshalima vya kutosha," na wala haimwingii. Lililomuuma zaidi lilikuwa hili: kijijini hakuna msiba uliopita bila yeye kutoa kitu, debe la mahindi, kuni, kuku, mikono yake. Hapa watu walipita mlangoni, shikamoo bibi, marahaba, wakaendelea na safari zao. Hakuna aliyemwomba chochote. "Mtu asiyeombwa," aliniambia siku moja tukimenya viazi, "ni kama hayupo." Nikaendelea kumenya, mimi mwenye maneno yote haya.

Haukupita muda mrefu, jirani yetu wa bondeni akafiwa na mumewe. Siku hiyo nilikuwa nimeshuka sokoni kutafuta vifungo na bitana. Mume wangu alikwenda Kisesa kuuangalia mti wa mtu, kuuangalia tu, kwa hiyo kamba ilibaki nyumbani. Kina mama wa mtaa wakapita nyumba hadi nyumba kama ilivyo desturi, wanakusanya sufuria kubwa, majamvi, ndoo, vikombe. Turubai la msiba limepatikana, kamba za kulisimamishia hazikutosha. Wakafika kwetu, wakamkuta mama barazani peke yake. Wakapiga magoti, wakamwamkia, wakamwomba yeye. Hawakuuliza mwanao yuko wapi, wala mkweo anarudi saa ngapi.

Mama aliijua ile kamba kwa kuiona. Asubuhi tukiikagua yeye huwa nje na ufagio, kwa hiyo alijua tu kwamba ni kitu kinachopendwa sana humu ndani, kwa jinsi kinavyobembelezwa. Na kwao, msibani hutoi kikuukuu. Ukitoa kikuukuu umemtukana marehemu. Akaingia ndani, akatoa kamba nzuri kuliko zote.

Niliporudi nilimkuta uso unang'aa, sijapata kumwona vile. "Wamekuja kuniomba," akasema, hata mzigo hajanipokea. "Nimewapa kamba. Ile nzuri." Nikautua mzigo mwenyewe. Lakini utasemaje? Turubai limeshasimama, wafiwa wamekaa chini yake, utakwenda kufungua kamba juu ya vichwa vyao? Nikamwambia, "Umefanya vizuri, mama," na kweli alikuwa amefanya vizuri, hapo ndipo penye shida.

Mume wangu alirudi jioni akakuta mfuko mtupu. Nikamwambia imekwenda msibani, mama ndiye aliyetoa. Alikaa kwenye kiti akaushika ule mfuko magotini. Halafu akauliza, "Alifurahi?"

"Sana," nikasema.

"Basi," akasema, akaukunja mfuko.

Matanga yalipoanuliwa kamba ikarudi. Imekunjwa vizuri, imefutwa vumbi, na juu yake sahani ya maandazi iliyofunikwa kitambaa, pamoja na salamu za mfiwa kwa bibi. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akamkabidhi mwanawe mbele ya wageni, akasema, "Kamba yako imetusitiri." Mume wangu akapokea naye kwa mikono miwili.

Sasa, alikuwa ameahidi kazi Jumatatu. Mjini, nyuma ya nyumba moja ya zamani, ya wafanyabiashara wa asili ya Kihindi ambao babu zao wamezikwa hapa hapa Mwanza, kuna mkuyu mkubwa, na tawi lake moja lilikuwa limelala juu ya chumba cha bibi yao mgonjwa. Bibi hataki kuhamishwa chumba, mvua zinakaribia, tawi lina ufa. Nilijua atawapigia simu awaambie wasubiri, kamba imekufa. Jumapili mchana nikamkuta anapanga vifaa vyake: mkanda wa kupandia, kofia, msumeno, na kamba ile ile.

"Unafanya nini?"

"Kesho nina mti."

"Kwa kamba ipi?"

Akaendelea kupanga.

"Baba watoto, kwa kamba ipi?"

"Nimeipitia. Sijaona kitu."

"Umeipitia na nani? Wewe si ndiye unayesema mkono uliozoea hudanganya? Wewe si ndiye wa 'iliyolala nje haipandwi'? Au yalikuwa maneno ya kunifurahisha?"

"Punguza sauti, mama atasikia."

"Na asikie!" nikasema, lakini nilipunguza.

Akanivuta mpaka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha jiwe. "Nikiitupa nitamwambia nini?" akasema. "Kitu cha kwanza alichokitoa tangu aje, kimeharibu kazi ya mwanawe? Hatatoa tena. Atakaa kwenye kigoda kile mpaka tumzike. Na huko bondeni watasikia kamba imetoka kwenye msiba wao imetupwa, watasema tumeuona msiba wao una nuksi."

"Watu wanakufa kwa ajali," nikamwambia, "wanakufa kwa homa. Wewe unataka kufa kwa adabu."

Akatabasamu. Ningekuwa na mwiko mkononi ningempiga nao. "Ni mara moja tu," akasema. "Baada ya hapo nitatafuta sababu nyingine ya kuiacha, isiyomhusu."

"Hiyo mara moja ndiyo ninayoiogopa."

Nilikwenda jikoni nikalia kwa sababu ya moshi, na moto ulikuwa haujawashwa. Nampenda yule mtu. Nampenda hasa kwa kile kilichokuwa kinataka kumwua, kwamba hawezi kumwumiza mama yake. Nikanawa uso, nikaondoka kwenda kumwambia mama mwenyewe, liwalo na liwe. Nikafika mlangoni pake nikamkuta amezungukwa na watoto, anawasimulia jinsi turubai lilivyosimama upepo wa ziwa ukivuma, halikutikisika, kwa kamba ya baba yenu. Nikawaambia watoto wakaoge. Hicho ndicho nilichokisema.

Asubuhi turubai dogo likatandikwa. Akakaa upande wa dirisha, akaifungua kamba, akanisubiri. Nilisimama mlangoni nimekunja mikono.

"Kaa basi," akasema.

"Sishiki."

"Mama watoto."

"Nimesema sishiki. Ukipanda na hiyo, panda ukijua haijapita mkononi mwangu."

Hakuwa amewahi kupanda na kamba iliyopitiwa na mkono wake peke yake. Nilijua, naye alijua najua. Akabaki ameipakata, hawezi kuendelea, hawezi kuacha. Nje pikipiki ikafika ikapiga honi. Ni mwenzake, yule anayebaki chini ya mti kumwangalia. Hakuna aliyeinuka kumfungulia.

Mlango wa chumba cha mama ukafunguka, siku hiyo alichelewa kutoka kufagia. "Mwangaluka," akatuamkia kwa Kisukuma chake, kama kila siku. Tukaitikia. Akanitazama mimi, akamtazama mwanawe, akaitazama kamba.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Mke akinuna, mwanamume asiende kazini?" Akaanza kujishusha, mkono mmoja ukutani, akakaa mahali pangu. "Lete, nishike mimi. Kwanza niambieni, huwa mnatafuta nini humu kila siku?"

Niliuona uso wa mume wangu. Kumnyima hawezi, na kumwacha aishike anaogopa. "Tunatafuta palipo tofauti, mama," akasema mwishowe.

"Tofauti na nini?"

"Tofauti na pengine."

"Ah, kama pamba," akasema, akafumba macho.

Mikono ya mama mkwe wangu ni mikubwa, ngozi imekakamaa, ncha za vidole zimechongwa na vikonyo vya pamba miaka yote ile. Nilidhani haitahisi kitu. Kamba ikaanza kupita. Alikwenda polepole kuliko mimi, polepole kuliko mtu yeyote, kila kipande akikisugua kati ya kidole gumba na cha kwanza kama anayempima mtoto joto. Mume wangu anapokea upande wa pili, hatazami kamba, anamtazama yeye. Pikipiki ikapiga honi tena. Mimi pale mlangoni nilikuwa naomba mambo mawili kwa mpigo: Mungu wangu, apate, Mungu wangu, asipate.

Kamba ilikuwa imepita nusu na zaidi vidole vyake viliposimama. Vikarudi nyuma. Vikaenda. Vikarudi.

"Hapa pamekauka," akasema.

"Ni vumbi tu, mama."

"Vumbi nalijua." Akakwaruza kwa ukucha, vinyuzi vikasimama juu ya ngozi ya kamba. Akang'oa kimoja, akakipeleka sikioni, akakivuta. "Uzi mzima hulia ukikatika. Huu umekatika bila kulia." Akanyoosha mkono kwangu. "Wewe fundi, njoo uone."

Nikapiga magoti. Nikavuta uzi mmoja, ukakatika kama tambi. Wa pili hivyo hivyo. Mume wangu akaisogeza kamba dirishani. Palikuwa na unjano hafifu, mtu asiyepatafuta hapaoni, na yeye alipoipitia peke yake hakuwa anatafuta, alikuwa anaomba. Akaiweka puani.

"Betri," akasema, kabla hajajizuia.

Hapo nikakumbuka. Msibani umeme ulikatika, wakaleta betri la gari la kuwashia taa, likawekwa chini ya meza pembeni ya turubai, na kamba iliyobaki baada ya kufunga ilikuwa imerundikwa chini ya meza hiyo hiyo. Maji ya betri hayahitaji kumwagika mengi. Yanakula uzi polepole, kimya kimya, na hayaachi shimo la kuonyesha.

Mama hakuhitaji kuelezwa sana. Aliishikilia ile sehemu. "Ilikuwa hivi kabla sijaitoa?"

Mume wangu hamdanganyi mama yake. Akatikisa kichwa kukataa.

"Na leo ulikuwa unapanda nayo. Ulijua?"

"Sikujua, mama. Nilihofia."

"Ulihofia, na ulikuwa unapanda."

"Sikutaka uone haya."

Mama akaiachia kamba. "Mimi nilidhani nimetoa kamba," akasema. "Kumbe nilikuwa namtoa mwanangu."

Mume wangu akasogea kwa magoti juu ya turubai, buti miguuni, akalaza kichwa mapajani mwa mama yake. Mtu mzima, mwenye ndevu. Mama akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akalia, na katikati ya kulia akawa anamgomba: "Haya huisha, mjinga wewe! Nimeona haya mara ngapi maishani na bado nakula? Ukianguka wewe, hilo litaisha lini?" Nami nikawa nalia pale sakafuni na vinyuzi viwili mkononi. Yule mwenzake akachoka kupiga honi, akasukuma mlango, akatukuta hivyo. Akavua kofia, akakaa, akidhani kuna msiba mwingine.

Baada ya kufuta uso mama akauliza, "Iliyokufa huwa mnaifanyaje?"

"Tunaikata vipande vifupi," mume wangu akasema, "asije mtu akaiokota akapanda nayo."

"Lete mkasi."

Mkasi uliokuwa karibu ni wa kukatia vitambaa. Kwa mtu asiyejua ushonaji: mkasi huo haukati karatasi, haukati nywele, haukati hata uzi wa viatu, na mwanangu aliyewahi kukatia katoni alilala mapema siku hiyo kwa hiari yake. Nikamkabidhi mama. Mwanawe akaikaza kamba kati ya mikono yake, naye akaikata, akihema, kipande baada ya kipande, hakukubali kusaidiwa. Mkasi haukurudisha tena makali yake. Sikuupeleka hata kunolewa, umetundikwa juu ya cherehani.

Kule mjini walipopigiwa simu walisubiri. Bibi yao walimhamisha chumba, kwa ugomvi mkubwa nilivyosikia, mpaka kamba mpya ilipopatikana na tawi likashushwa. Mkuyu bado umesimama.

Pamoja na kamba mpya mume wangu alileta nyingine, ya manjano, ya kawaida, ngumu, ya kufungia. Akapiga msumari chumbani kwa mama akaitundika. "Hii ni ya kwako," akamwambia, "ya kutoa." Mtaa mzima ukajua. Ikitokea harusi, ikitokea msiba, wanamjia bibi mwenye kamba, wanapiga magoti, na yeye anaitoa kwa masharti: irudi na habari zake, ilikofungwa na ilikolala. Wanacheka, lakini wanamwambia. Amefunga maturubai mengi hapa Mkuyuni.

Ile nyingine, ya kupandia, tangu siku hiyo hukaguliwa na watu watatu. Inaanza kwake, inakuja kwangu, inamalizikia kwa mwenyewe. Chai inachelewa zaidi. Hakuna anayelalamika, isipokuwa mwenye pikipiki.

Sasa mama anasahau. Ilianza kidogo kidogo, chumvi mara mbili kwenye mboga, halafu akaanza kuniita kwa jina la dada yake. Kuna siku huchukua jembe nyuma ya mlango, anataka kwenda kupalilia, nami namtembeza mpaka kwenye jiwe, tunakaa tunatazama ziwa, mpaka pamba imtoke mawazoni. Humuulizia baba mkwe kama vile ametoka tu kwenda dukani. Lakini vidole havijasahau. Ukimpa kamba anafumba macho, na juzi juzi amekamata mchubuko wa msumeno ambao mimi na macho yangu niliupita.

Jana alikuwa amefika karibu na mwisho. Nje pikipiki inanguruma. Ghafla akaacha, akafumbua macho, akaitazama kamba kama kitu alichokiokota njiani.

"Hii kamba ya nani?"

"Ya mwanao, mama," nikasema.

"Anafungia nini?"

"Anapandia. Leo anapanda mti."

"Mwanangu anapanda na hii?" Akanikazia macho, hasira zile za zamani, za siku niliyompikia ugali mbichi. "Na mmenipa tu niishike bila kuniambia? Irudisheni mwanzo, nianze upya."

Kisha akamgeukia mume wangu, aliyekuwa amekaa dirishani, mkanda kiunoni, anasubiri ncha imfikie.

"Na wewe baba," akamwambia kwa upole, kama unavyomwambia mgeni, "nenda ukamwambie mwanangu asitoke kwanza."

"Nitamwambia, mama," akasema. Akafungua mlango, akamwomba mwenzake azime pikipiki, akarudi akakaa, akamrudishia mama ncha ya mwanzo.